Sura ya Nne: Piano Isiyo na Haraka

Wengi wetu tulimsikia Brian Eno kabla ya kulijua jina lake. Aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta mwishoni mwa miaka ya tisini, iwe ofisini Dar es Salaam au kwenye duka la intaneti Nairobi, akabonyeza swichi na kusubiri ile mashine nzito iamke, alipokewa na mlio wa sekunde kama sita: noti chache zinazopanda, kisha mwangwi unaofifia taratibu. Ulikuwa mlio wa kuwashia Windows 95. Microsoft walimpa Eno orodha ndefu ya sifa walizotaka zisikike ndani yake, wakamwambia urefu uwe sekunde tatu na robo. Kwa maelezo yake mwenyewe alitengeneza vipande 84, tena akavitengenezea kwenye Macintosh, kompyuta ya wapinzani wa waliomwajiri. Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza mlio huo katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa.

Watu wa kompyuta huisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi huisikiliza kwa sababu nyingine. Katika mlio ule, sehemu nzuri ni mkia wake. Noti zenyewe ni za kawaida, mtoto anaweza kuzipiga; kinachobaki kichwani ni namna zinavyoondoka. Eno alipopewa kazi ile alikuwa ameshafanya mazoezi ya jambo hilo kwa miaka 20, katika kazi ya pembeni ambayo wenzake wa roki waliiona kama mchezo wa mtu mwenye muda mwingi.

Kazi yake ya mbele haikuwa na utulivu hata chembe. Mwaka 1971 alijiunga na Roxy Music, bendi ya London iliyopanda jukwaani na manyoya, rangi za macho na mavazi ya kumeremeta, yeye akiwa nyuma ya sinthesaiza akiivuruga sauti ya wenzake. Albamu mbili tu, kisha mwaka 1973 akaondoka kwa sababu mafahali wawili walishindwa kuishi zizi moja: yeye na mwimbaji Bryan Ferry. Baada ya hapo kilichomlisha kilikuwa zaidi uprodyuza na ushirikiano na wakubwa: David Bowie mjini Berlin mwaka 1977, Talking Heads, baadaye U2. Mwaka 1980 pekee unatosha kumweleza. Mwaka huo ilitoka Remain in Light ya Talking Heads, albamu ya ngoma juu ya ngoma, iliyotengenezwa na watu waliokuwa wakimsikiliza sana Fela Kuti. Na mwaka huo huo ikatoka The Plateaux of Mirror, ambamo kuna piano, mwangwi, na karibu hakuna kingine.

Chanzo cha njia hii ya pili ni ajali. Januari 1975 Eno aligongwa na teksi jijini London, akalazwa, kisha akarudishwa nyumbani akiwa hawezi kuinuka. Rafiki yake Judy Nylon alimletea sahani ya santuri ya kinubi cha karne ya 18. Eno ameandika kwamba sahani ilipoanza kuzunguka aligundua sauti imewekwa chini mno, tena spika moja imekufa, na hakuwa na nguvu za kwenda kurekebisha. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Basi akalala akisikia kinubi kikichomoza na kuzama ndani ya mvua, na hapo, anasema, ndipo alipoona kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya hali ya chumba kama ulivyo mwanga. Nylon ameieleza siku ile tofauti: kwamba kusawazisha kinubi na mvua kulifanywa kwa kusudi, na yeye ndiye aliyekuwa kwenye kitufe. Mimi huegemea upande wa Nylon. Wanamuziki wanapenda sana kugundua mambo kwa bahati, na aghalabu bahati hiyo huwa imeshikwa mkono na mtu ambaye jina lake halipo kwenye jalada.

Kabla mwaka haujaisha ilitoka Discreet Music, nusu saa ya sinthesaiza inayopita kwenye mashine mbili za kurekodia zilizounganishwa kwa mkanda mmoja. Ni kazi muhimu, lakini piano haimo. Piano iliingia miaka mitatu baadaye, nayo iliingilia mlango wa uwanja wa ndege.

Eno alikuwa amekaa uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, jengo zuri, asubuhi tulivu, na kilichomuudhi ni muziki uliokuwa ukitoka kwenye spika. Watu wametumia mamilioni kujenga mahali, akawaza, halafu hakuna aliyefikiria sauti yake. Wakati huo muziki wa majengo ulikuwa biashara ya kampuni ya Muzak, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1934 na kuuza nyimbo zilizolainishwa kwa ajili ya lifti, viwanda na maduka. Muzak walipanga nyimbo zao katika vipindi vya robo saa, kasi na ala zikiongezeka kidogo kidogo ili mfanyakazi achangamke bila kujua kwa nini. Eno alitaka kinyume chake. Alisema waziwazi kwamba muziki wa uchangamfu katika uwanja wa ndege ni uongo, kwa kuwa kila abiria anajua moyoni kwamba ndege huanguka. Yeye alitaka muziki utakaompunguzia mtu woga wa kufa. Ukizijua nia hizo, ule upole wa albamu yake Music for Airports ya mwaka 1978 unaacha kuwa upole wa saluni.

Kipande cha kwanza cha albamu hiyo, kinachozidi dakika 17, kimejengwa juu ya maneno machache ya piano yanayorudi na kurudi. Mpigaji ni Robert Wyatt. Wyatt, aliyewahi kuwa katika bendi ya Soft Machine, alikuwa mpiga dramu mpaka Juni 1973, alipoanguka kutoka dirishani na kupooza kuanzia kiunoni. Dramu za miguu na mikono zikawa zimekwisha, akabaki na uimbaji na vibonyezo. Siku ya kurekodi, Eno alikuwa na wanamuziki kadhaa studio ambao hawakuweza kusikiana, kila mmoja akipiga lake. Baadaye, akisikiliza mkanda peke yake, aliona mahali ambapo piano mbili zilikuwa zimejibizana bila kupangwa. Akakata sehemu hiyo, akaunganisha mwisho wake na mwanzo wake ili mkanda uzunguke bila kikomo, kisha akaupunguza mwendo hadi nusu.

Hiyo nusu ndiyo siri yote. Mkanda ukienda nusu ya mwendo, sauti hushuka oktava nzima, kwa hiyo piano inakuwa nzito na pana. Lakini pia ule mguso wa noti, yaani pale nyundo inapogusa uzi, hurefuka na kulegea, na mwangwi unaofuata huchukua muda mara mbili. Piano ile uisikiayo haikuwahi kuwepo katika chumba chochote, na hakuna mkono wa binadamu uliowahi kuipiga hivyo. Utulivu wake ulitengenezwa kwa wembe na mota.

Katika kipande kinachofuata, ambamo sauti za wanawake watatu huimba noti mojamoja, Eno alitumia vitanzi vya mkanda virefu kiasi kwamba ilibidi vizungushwe kwenye miguu ya viti pale studio kwa Conny Plank, Ujerumani. Kila kitanzi kilikuwa na urefu wake. Kwa kumbukumbu zake, kimoja kilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, kingine 25 na sehemu saba za nane, kingine karibu 30 kamili, pungufu ya sehemu moja ya kumi na sita. Niliketi na kalamu. Vitanzi viwili vya kwanza, vikianza pamoja, havitaanza tena pamoja mpaka baada ya saa moja na dakika 21. Ukiongeza cha tatu, itabidi ungoje karibu siku 27. Na vitanzi katika kipande chenyewe vilizidi vitatu. Ndiyo maana sikio linahisi linasikia kitu kilekile, na bado halichoki: kweli vipande ni vilevile, ila havijawahi kukutana namna hiyo. Vikitulia pamoja kunakuwa na kimya cha sekunde kadhaa ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukiandika.

Wazo la muziki usiodai kusikilizwa halikuwa jipya. Erik Satie, mpiga piano wa vilabu vya usiku vya Montmartre, alilitangaza mwaka 1917 na kuuita muziki wa samani. Mwaka 1920 aliujaribu mbele ya watu jijini Paris, wakati wa mapumziko ya tamthilia. Wasikilizaji walipoanza kurudi vitini na kunyamaza kwa heshima, Satie alizunguka akiwasihi waongee, watembee, wasisikilize. Walikataa, wakasikiliza. Eno alipata bahati zaidi. Mwaka 1980 muziki wake uliwekwa kwa muda katika jengo la Marine Air Terminal la uwanja wa LaGuardia, New York, na abiria wengi walipita zao, jambo ambalo kwake lilikuwa ushindi.

Lakini Eno si mpiga piano. Mwenyewe amejiita mara nyingi mtu asiye mwanamuziki, na ingawa kuna kujinyenyekeza kwa makusudi humo, kwa upande wa piano ni kweli tupu. Alihitaji mikono ya mtu. Mikono aliyoipata, kwa maoni yangu, ndiyo inayoubeba muziki huu mpaka leo, na jina la mwenyewe hutajwa nusu ya linavyostahili.

Harold Budd alizaliwa Los Angeles mwaka 1936 na kukulia Victorville, pembeni ya jangwa la Mojave. Alisimulia kwamba mojawapo ya sauti zilizomvuta utotoni ni mvumo wa upepo kwenye nyaya za simu zilizokatiza jangwani. Naye pia alianza na dramu. Alipochukuliwa jeshini aliingia bendi ya kikosi, na ndani ya bendi hiyo alikuwemo Albert Ayler, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wapuliza saksafoni wenye makelele matakatifu kuliko wote katika jazi. Kwa hiyo piano mbili tulivu kuliko zote za zama zile zimepigwa na wapiga dramu wawili. Sidhani ni bahati. Mpiga dramu hujifunza mapema kwamba pigo likishapigwa limeshapigwa, na kwamba kazi yake kubwa ni kuamua lini asipige.

Budd alisomea utunzi Chuo Kikuu cha Southern California, akafundisha CalArts, na katika miaka hiyo akawa anapunguza. Kila kazi ilikuwa na vitu vichache kuliko iliyotangulia, hadi mwaka 1970 akaandika kazi ambayo ni kodi moja tu, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya D-flati meja. Baada ya hapo hakukuwa na cha kupunguza; akaacha kutunga. Aliporudi mwaka 1972 alirudi na kitu ambacho wasomi wenzake walikionea haya: uzuri. Kodi pana za jazi, kinubi, sauti za wanawake. Katika duru za muziki wa kisasa wa wakati ule, kutunga kitu kizuri waziwazi ilikuwa karibu na utovu wa adabu, na Budd alijua hivyo. Eno aliusikia muziki huo, akampigia simu, akamleta London, na mwaka 1978 albamu ya The Pavilion of Dreams ikatoka chini ya lebo ya Eno, Obscure.

Hapa inafaa tuiangalie piano yenyewe. Aliyezoea kinanda cha umeme cha kanisani, kikiwekwa sauti ya ogani, anajua kwamba noti hudumu kadiri kidole kinavyobaki chini. Piano haiko hivyo. Ni chombo cha kupigwa. Ukibonyeza, nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa hurushwa, hugonga nyuzi, hurudi. Kuanzia hapo mpigaji hana tena amri juu ya noti ile. Mpuliza zumari anaweza kuinenepesha, mpiga fidla anaweza kuivuta kwa upinde, mwimbaji ataitetemesha apendavyo. Mpiga piano amebaki kuisikiliza ikipungua. Wapiga piano wengi huuficha udhaifu huu kwa kupiga noti nyingine haraka. Budd hakuuficha. Alipiga, akangoja, akasikiliza kilichobaki, ndipo akaamua.

Na alijulikana kwa mguu kuliko vidole. Pedali ya kulia huinua vizuizi vyote kutoka kwenye nyuzi, kwa hiyo hata nyuzi ambazo hazikupigwa huanza kuvuma kwa kuwasikia jirani zao. Pedali ya kushoto, kwenye piano kubwa ya mlalo, husogeza mtambo mzima kando kidogo ili nyundo ipige nyuzi mbili badala ya tatu. Ile ya kushoto ndiyo iliyokuwa yake; mtindo wake wa kupiga kwa pedali hiyo ulitambulika hata kabla studio haijaongeza lake.

Katika The Plateaux of Mirror Budd na Eno walifanya kazi kwa utaratibu ambao wengi huuelewa vibaya. Watu hudhani Budd alipiga, akaenda zake, kisha Eno akapaka mwangwi. Ilikuwa kinyume. Eno aliandaa kwanza mazingira ya sauti, ucheleweshaji na mwangwi, na Budd akapiga ndani ya mazingira hayo akiyasikia, papo kwa papo, bila karatasi. Piano ikajibu kwa namna ambayo piano haijibu, na mpigaji akabadilisha nia yake kwa sababu ya jibu hilo. Sikiliza kipande cha kwanza, First Light: noti inapigwa, na kabla haijaisha inarudi ikiwa na rangi nyingine, na Budd anaiacha ipite kwanza, kama mwenyeji anayempisha mgeni mlangoni. Hakuna pambo. Kuna mahali anaacha kodi ikining'inia bila kutua nyumbani, na sikio lililolelewa na taarabu, ambako wimbo humvuta msikilizaji ainuke akatuze, hubaki likiuliza mbona haujatua.

The Pearl ya mwaka 1984 ni bora zaidi. Ilirekodiwa Hamilton, Ontario, na safari hii Eno na Budd walikuwa na Daniel Lanois, fundi mwenye sikio la mbwa wa windo, ambaye mwaka huo huo alikuwa na Eno katika The Unforgettable Fire ya U2. Ile albamu ya U2 iliuzwa duniani kote. The Pearl iliuzwa kidogo. Ndani yake piano imesogezwa mbali zaidi, wakati mwingine ni kama iko upande wa pili wa maji, na nyuma yake kuna milio midogo ambayo huwezi kuapa kuwa ni wadudu au ni mashine. Late October, A Stream with Bright Fish: majina yenyewe ni ya mtu aliyependa mashairi, na Budd aliyapenda.

Jina la ambienti, ambalo muziki wa aina hii hupewa, Budd hakulipenda. Alilikataa katika mahojiano kwa miaka mingi, na alichukia zaidi alipowekwa rafu moja na kanda za kutuliza mishipa. Mwaka 2004 alitangaza amestaafu, asistaafu, akaendelea kurekodi mpaka Desemba 2020, alipofariki akiwa na miaka 84 kutokana na UVIKO-19 baada ya kupata kiharusi.

Alichokichukia sasa ndicho kilichotawala. Orodha ya Spotify iitwayo Peaceful Piano ina wafuasi mamilioni, nayo ni moja kati ya nyingi: piano ya kusomea, piano ya mtoto alale, piano ya mvua. Waandishi wa habari wa Sweden na Marekani wameeleza kwa kirefu jinsi baadhi ya vipande katika orodha za aina hii vinavyotoka kwa kampuni zinazozalisha muziki kwa mkupuo, vikapewa majina ya wasanii ambao hawapo popote nje ya orodha hizo; Spotify wenyewe wamekanusha kubuni wasanii bandia. Sina ugomvi na mtu anayehitaji usingizi. Max Richter alitunga Sleep mwaka 2015, kazi inayozidi saa nane, kwa ajili ya kulalia hasa, na ni kazi ya heshima. Ugomvi wangu ni na ile piano iliyokatwa kucha. Maikrofoni imesogezwa karibu na sufu ya nyundo, kodi nne zilezile zinazunguka, kila sentensi inatua pale ulipojua itatua. Ni Muzak iliyobadili nguo, imeondoa tu ule uchangamfu ikaweka huzuni ya bei nafuu. Kwa Budd kuna hatari: kodi isiyotua, noti iliyoachwa peke yake muda mrefu mpaka unaanza kuionea wasiwasi. Kwa Eno kuna kifo uwanja wa ndege. Kutuliza kwao kunatoka kwa watu waliokwisha kuona kinachomtisha msikilizaji na hawakumficha.

Msomaji anayetaka kuanza namshauri aanze na The Pearl, si Music for Airports, ambayo sifa zake zimezidi urahisi wake wa kupendwa. Asiisikilize kwa spika ya simu. Spika ile ndogo haiwezi kutoa sauti za chini, na mikia mirefu ya noti, ambayo ndiyo muziki wenyewe, hupotelea kwenye kelele za feni. Utabaki na vigongo vya vibonyezo na kushangaa watu wanasifu nini. Spika za masikioni za kawaida zinatosha. Sauti aiweke chini, karibu na ile ya redio ya jirani inayosikika kupitia ukutani, na kazi ya mikono aendelee nayo. Kipande cha tatu au cha nne ndipo huwa naacha kufanya nilichokuwa nafanya, ingawa najua wenyewe hawakuniomba.